Treni ya Saa Nne Iringa

Kwetu Iringa mjini reli haijawahi kufika, na jambo hilo limeniudhi tangu utotoni. Nilipohamia Mbeya nikaijenga mwenyewe juu ya meza mbili: kituo cha Iringa cha miaka ya sabini ambacho hakikuwahi kuwapo. Reli zilikuwa spoku za baiskeli, mabehewa maboksi, na mota niliitoa kwenye redio kaseti iliyokufa. Ubao wa ratiba ulisema treni inaingia saa nne asubuhi.

Siku ya kwanza ya maonyesho ya kazi za mikono, kwenye ukumbi wa shule hapa Mwanjelwa, watu walinicheka. "Tangu lini Iringa kuna treni?" Mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu, hakucheka. Aliinama, akakunja uso.

"Mwanangu, treni imesimama kituoni na madirisha yamefungwa? Abiria wako hawali?"

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Nilihesabu kila taruma chini ya reli, nikasahau kwamba nchini kwetu treni ikisimama, watu hununua chakula dirishani. Nikarudi nyumbani na mabehewa, nikatoboa kila dirisha kwa wembe, nikachomoza mikono ya abiria, na chini yake nikapanga akina mama wa udongo wenye beseni za ndizi.

Kesho yake mzee alirudi. Treni ikaingia, ikasimama. Akaitazama ile mikono kwa muda mrefu, akasoma ratiba, akaangalia saa yake, kisha akanifokea mbele ya ukumbi mzima:

"Umechelewa dakika tano! Watu wa Iringa wanasubiri!"