SU ya Basi la Kiwanda

Mwezi uliopita nilipita Mlali, njiani kama kawaida yangu, nikaona banda la kuku lililozibwa ubavuni kwa kibao cha namba ya gari. Kutu ilikuwa imekila, lakini herufi mbili bado zilisomeka: SU. Nilisimama pale mpaka mwenye banda akanisalimia mara mbili.

Kama ulikua miaka ile, utakumbuka magari ya mashirika ya umma yalivyobeba herufi hizo. Basi la kiwanda cha nguo alikofanya kazi mama lilikuwa nazo. Jioni tulilisikia likiguna kwenye kilima kabla hatujaliona, na mama alishuka na vumbi la pamba kwenye nyusi.

Siku moja bibi, mzaliwa wa huko juu milimani, aliniuliza maana ya SU. Nikamwambia ni Shirika la Umma.

"Umma ndiyo nani?"

"Sisi sote, bibi."

Kesho yake alfajiri alilisimamisha basi akiwa na mikungu yake ya ndizi. Dereva akamwambia hilo ni gari la wafanyakazi.

"Mjukuu wangu amesoma. Ni letu sote. Pakia."

Basi zima likacheka, dereva akapakia. Tangu hapo ndizi zikawa zinakwenda sokoni na SU, na neno likahamia nyumbani. Kanga ya mlangoni, ya kujifunika yeyote wakati wa mvua, ilikuwa SU. Mfenesi wa uani SU. Hata mtoto mchanga wa jirani, maana kila mtu alimbeba.

Kisha yakaja mambo ya soko huria, kiwanda kikauzwa. Majina ya watakaobaki hayakuwa yametangazwa, na mama akawa anakula kidogo. Asubuhi moja basi likaja na namba mpya.

"Shikamoo, bibi," dereva alisema. "Leo siwezi. Tajiri hataki mizigo."

Bibi akanitaka nisome. Nikamsomea zile herufi ngeni.

"Na hawa ndiyo nani?"

Hakuna aliyecheka. Siku hiyo mama alirudi mchana, viatu mkononi. Jina lake halikuwamo.

Mfenesi wa uani sasa umezungushiwa seng'enge. Mjomba huuza mafenesi yangali mtini. Kule Mlali, mwenye banda aliniuliza kama nakitaka kile kibao. Giza lilikuwa linaingia, kuku wakipita mlangoni mmoja mmoja.

"Wote ni wako?" nikamuuliza.

"Wengine wa majirani," alisema. "Wamezoea kulala hapa."

Nikamwambia akiache.