Mtu wa Pampu

Machibya alifika Kapalamsenga mwaka 1991 akiwa hajui kuogelea. Alikuwa mchungaji. Yeye na baba yake walishuka kutoka Usukumani na ng'ombe arobaini, wakaweka makazi Ugalla, na huko mbung'o wakawamaliza wote ndani ya mwaka mmoja. Baba yake akarudi kwao. Machibya hakurudi. Aliendelea kutembea kuelekea jua linakozama, mpaka siku moja ardhi ikaisha, mbele yake kukawa na Ziwa Tanganyika.

Alikaa hapo. Akamwoa Romana, binti wa Kibende, na kaka yake Romana, Hilari, ndiye aliyemtafutia kazi. Hilari alikuwa na boti ya mbao yenye injini ndogo, na wavuvi watatu.

"Shemeji, nyavu hujui, kasia hujui," Hilari alimwambia. "Wewe utakaa na pampu."

Pampu yenyewe ilikuwa bomba refu la plastiki lenye mti katikati. Ukivuta mti juu, maji yanapanda kutoka chini ya boti. Ukiendelea, yanamwagika nje. Boti ya mbao huvuja hata ikiwa mpya, kwa hiyo mtu wa pampu hana mapumziko marefu.

Machibya aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Kila asubuhi, wenzake wakiwa kwenye nyavu, yeye alikaa nyuma akivuta, macho yamefumbwa nusu. Maji yalipokuwa yanapanda kwenye bomba yalitoa sauti ya ng'ombe anayekunywa. Basi aliwaona ng'ombe wake, mmoja mmoja, wakitembea juu ya ziwa bila kuzama, wakiinamisha vichwa. Aliwaita majina yao kwa sauti ndogo. Wavuvi walidhani anasali.

Lakini mikono yake haikulala. Ilikuwa inahesabu. Siku ya kawaida boti ilikauka kwa mivuto sitini. Ikifika tisini, Machibya alifumbua macho na kusema, "Leo amekunywa sana." Hilari akaipandisha boti mchangani, wakatafuta mahali pamba ya kuzibia imetoka katikati ya mbao, wakaziba na kupaka lami. Miaka minne walikwenda hivyo.

Mwaka 1995 Naseeb, mfanyabiashara wa Mpanda mjini aliyekuja kununua dagaa, alimletea Hilari pampu ya umeme kutoka Kigoma. Waliifungia kwenye betri ya gari, wakaitumbukiza kwenye beseni, na nusu ya kijiji wakaja kuangalia.

"Maji yakipanda, hili boya linainuka, pampu inawaka yenyewe," Naseeb alisema. "Yakishuka, inazima. Nyie kazi yenu nyavu tu."

Pampu ikanguruma, beseni likakauka, watu wakapiga makofi. Machibya naye alipiga. Jioni Hilari alikuja nyumbani kwake, akakaa mlangoni bila kumtazama usoni.

"Shemeji, nafasi yako nitabebea nyavu zaidi. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa."

Akalima mihogo na Romana. Alfajiri moja Romana aliamka akamkuta amelala, mkono wake wa kulia ukipanda na kushuka juu ya shuka. Hakumwamsha. Aliushika tu ule mkono mpaka ukatulia.

Miezi minne ikapita. Mwezi wa saba Romana alitaka kwenda Ikola kumwona mama yake, na Hilari akawapakia kwenye boti pamoja na binti yao mdogo, Minza. Ilikuwa asubuhi, maji yamelala kama mafuta. Machibya alikaa mahali pake pa zamani, miguuni mwake ile pampu mpya.

Ikanguruma, ikanyamaza. Bila kukusudia akaanza kuhesabu pumzi zake mpaka ingurume tena. Mia moja na hamsini. Halafu mia. Halafu sabini. Jua lilikuwa laini, usingizi ukamchukua kidogo, akaona ng'ombe wake wote arobaini ukingoni wanakunywa. Walikunywa na hawakuinua vichwa. Akashtuka.

"Shemeji, boti inavuja."

Hilari alichungulia chini. "Mbona pakavu?"

"Pakavu kwa sababu pampu inafanya kazi. Inafanya kazi mno."

"Si ndiyo kazi yake?" Hilari akacheka, akashika tena usukani wa injini.

Hawakwenda mbali. Mngurumo wa pampu ukawa mzito, ukavutika kama mtu anayesinzia katikati ya maneno, ukakata. Betri ilikuwa imekwisha. Kabla Hilari hajamaliza kutikisa waya, maji yalikuwa yamepita mbao za chini na kumlowesha Minza miguu.

"Pampu ya mkono iko wapi?" Machibya aliuliza.

"Mbele, chini ya nyavu."

Aliitoa akakaa, akavuta, Hilari akiigeuza boti kuelekea pwani. Safari hii hakuona ng'ombe. Aliona mtoto wake amekumbatia shingo ya mama yake, aliona pwani iko mbali, na kwa mara ya kwanza tangu afike ziwani aliogopa. Romana alimpachika Minza mgongoni, akachukua sufuria waliyombebea mama yake, akachota naye. Mia mbili. Mia nne. Alipofika mia tisa boti ikagusa mchanga.

Waliigeuza ubavu. Karibu na mkuku, uti wa chini wa boti, pamba ilikuwa imeoza, nafasi inaingia kidole. Halikuwa jambo la siku moja. Hilari aliketi mchangani, akafunika uso.

"Kumbe wiki zote hizi ilikuwa inaniambia, mimi nafurahi tu kwamba inafanya kazi. Shemeji, rudi botini. Hili dude nalirudisha kwa Naseeb."

Machibya alifikiri kidogo. Angeweza kumwacha airudishe.

"Usilirudishe," alisema. "Halikukosea. Lilikosa mtu wa kulisikiliza. Tubaki nalo, na ya mkono iwe karibu."

Ndivyo walivyofanya. Waliziba boti, betri ikachajiwa kwenye jenereta ya mashine ya kusaga, na wiki iliyofuata wakatoka watu watano. Machibya alihesabu ni mara ngapi pampu inawaka.

"Ngapi?" Hilari aliuliza jua lilipopanda.

"Tatu."

Mikono yake ilikuwa haina kazi. Ukungu ulianza kuondoka, na ng'ambo milima ya Zaire ikajitokeza mmoja baada ya mwingine, ya bluu, karibu kuliko alivyowahi kudhani. Miaka yote alikuwa amekaa mbele yake akiwa amefumba macho. Aliitazama mpaka Hilari akamrushia ncha ya wavu.

"Vuta, shemeji. Polepole, usiukate."

Akavuta, na migebuka ikaanza kung'aa chini ya maji.