Zuhura wa Redioni

Siku ile bado naiona, mwanangu. Tulikuwa tunakaa Temeke, mie binti wa miaka kumi na mitano, na dada yangu Zuhura alikuwa amelazwa hospitali siku ya tatu, homa imempanda mpaka hatambui watu. Mama alirudi nyumbani kubadilisha nguo tu, aende tena wodini.

Enzi hizo matangazo ya vifo yalikuwa yanasomwa redioni. Ukisikia jina la mtu wako huko, basi tena. Mie nipo uani naosha vyombo, redio ya Mzee Salum, mwenye duka jirani, inasema kwa mbali. Nikadaka: “Zuhura”, kisha, “kikanyamaza kabisa kwa sababu ya joto kali.” Sikungoja. Nilipiga ukunga wa msiba nikamkimbilia mama ndani, na mama akaanguka pale pale. Majirani wakajaa, mkeka ukatandikwa, na mie ndiye ninayeongoza kilio. Naona aibu mpaka leo.

Mzee Salum naye akaja kutoa pole, akauliza nani kaleta habari. Wakaninyooshea kidole mie. Akataka nirudie nilichosikia, neno kwa neno. Nikarudia.

“Kikanyamaza?” akasema. “Dada yako ni kijiko? Zuhura hiyo ni sayari, binti. Kuna chombo kisicho na mtu ndani, wamekirusha kikatua huko, kikatuma habari kidogo, kikafa kwa joto. Ungesikiliza toka mwanzo ungejua.”

Mama hakuamini mpaka tulipofika wodini, kanga iko upande, mie nyuma yake. Tukamkuta Zuhura amekaa kitandani, homa imeshuka, anamlalamikia nesi kwamba uji hauna sukari. Mama alimshika miguu akalia upya, kilio kingine kabisa. Mie nikakaa sakafuni nacheka. Raha ile sijaipata tena.

Basi jana ulipotuma kwenye grupu la ukoo kwamba babu yako wa Gongo la Mboto katutoka, kumbe simu yake imeisha chaji tu, nilimwona tena mama yangu wa siku ile, kaanguka pale chini. Sikugombezi, mwanangu. Nashukuru mzee wetu mzima. Ila habari ya uhai wa mtu usiidakie katikati. Uliza nani kasema, kasemaje, hakikisha, ndipo ufungue mdomo. Mungu akupe umri mrefu, na mama yako asiangushwe kamwe na neno lako.