Fundo la Mama Kwenye Jarida la Mashua

Jarida la mashua limefika leo, na ndani yake, pichani, ndugu yangu anacheka.

Musyoka alikuwa baharia Mombasa. Tulimzika hapa Zombe mwezi uliopita.

Makala yake inaeleza fundo la kufungia mashua upepo ukianza. Nikamsomea Mama kwa Kikamba, polepole.

Nikafika pale alipoandika kwamba fundo hilo alifundishwa na mama yake, wakifunga mitungi ya maji juu ya punda.

Nilidhani Mama atalia. Wapi!

"Soma tena hapo, Mwende."

Nikasoma.

"Amekosea! Hajazungusha kamba mara ya pili. Hata punda wangu angeangusha maji yote."

Akachukua kamba, akaifunga kwenye mguu wa kiti kunionyesha. Tukacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mpigie," akasema. "Mwambie arekebishe kabla watu hawajazama."

Nami nikatoa simu, nikatafuta jina lake, nikapiga.

Mteja hapatikani kwa sasa.

Tukatazamana. Mama akaiachilia kamba.

Namba yake bado sijaifuta. Nyinyi mlizifuta za wenu?