Koti la Mwavuli wa Baba

Mume wangu hakuwa mvuvi. Hilo lieleweke mapema, maana watu wa Mutsamudu waliomjua uzeeni walidhani alizaliwa na mshipi mkononi. Ah wapi! Alikuwa karani Moroni, mtu wa kalamu na kola iliyopigwa pasi, tena mwenye pumu. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Magoudjou, mimi nashona nguo za majirani, yeye anakwenda ofisini, mpaka serikali ya mapinduzi ilipowarudisha makarani nyumbani. Alisimama uani mwa ofisi akatazama mafaili aliyoyaandika kwa mkono wake yakiungua. Siku chache baadaye tulipanda meli kurudi kisiwani kwetu, Mutsamudu, na cherehani yangu, pamoja na koti zito la mpira, la manjano, ambalo mkubwa wake Mfaransa aliliacha msumarini uhuru ulipokuja.

Kwetu mwanamume ndiye huhamia kwa mke. Nyumba ya Mutsamudu ilikuwa yangu, na ndani yake alikaa baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyesomea Unguja na kutulea kwa Kiswahili chake. Basi mume wangu akawa anakula sinia moja na baba mkwe, hana kazi, hana la kusema. Mwezi ulipokwisha akaniambia, "Nakwenda baharini na kaka yako."

"Wewe? Hata kuogelea hujui!"

"Nitashika ngalawa."

"Na kifua je?"

Kesho yake alikwenda. Ilikuwa miezi ya joto, ambayo kwetu ndiyo ya mvua. Asubuhi jua linakuchoma mgongo, saa nne wingu linashuka kutoka mlimani na kukumwagia maji kwa ndoo. Kaka alikwenda kifua wazi, akisema ngozi hukauka upesi kuliko nguo yoyote. Sawa, kwa mwenye mapafu! Mume wangu alipolowa mara ya kwanza, siku tatu aliketi wima ameegemea ukuta, anavuta pumzi kana kwamba inapita kwenye tundu la sindano. Dawa zilikuwa adimu. Nilimtazama nikajua, akilowa hivi mara mbili tatu nyingine, nitakaa eda.

Kumzuia sikuweza. Aibu ya kulishwa ilikuwa imemkaa kooni. Nilichoweza ni kumvika.

Nikaanza na koti la Mfaransa. Nililitumbukiza kwenye beseni, likajaa, nikajaribu kulinyanyua kwa mkono mmoja nikashindwa. Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Ukimvika hilo, mpe na nanga ailalie kabisa," akasema.

"Badala ya kunicheka, niletee kitu!"

Akaniletea plastiki iliyofunikiwa shehena bandarini. Nyepesi, kweli, na tone halikupita. Lakini kwa joto lile mume wangu alivaa nusu saa tu uani, jasho likamtiririka ndani hadi shati likakamulika, na kifua kikaanza kulia filimbi palepale. Tena kila nilipopitisha sindano ilichanika. Niliitupa nikalia kwa hasira, nikamtukana Mfaransa, nikaitukana bandari, sikumwacha mtu.

Na muda wote huo mwavuli wa baba ulikuwa unaning'inia chumbani kwake.

Ulikuwa mkubwa, wa kufunika watu wawili, mweusi, mpini wa pembe. Alipewa na ukoo wa mama yangu siku ya ndoa yake kuu, ile ndoa inayomfanya mwanamume ahesabiwe mtu mzima mjini. Aliushika kila Ijumaa, iwe mvua isiwe mvua. Kisha vijana wa kamati, ambao serikali iliwakabidhi mji mzima, wakamsimamisha njiani na kumwambia zama za ubwana zimekwisha, aufunge mwavuli wake. Aliufunga. Akautundika, na tangu siku hiyo alikwenda msikitini bila kitu, analowa kama sisi wengine.

Nilijua kitambaa chake. Nilikuwa nimekwisha kiminya kwa siri, nikakimwagia kikombe cha maji, nikaona maji yanavyoteleza. Kinakunjika ndani ya ngumi. Nikapiga moyo konde, nikamwendea.

"Baba, mwavuli umekaa bure, na mume wangu yuko baharini."

Siku mbili hakusema nami, nami siku mbili nilipiga masufuria jikoni kwa kusudi. Siku ya tatu nikaukuta juu ya cherehani yangu. "Kata," alisema, akatoka nje. Nilipofumua vipande vyote vinane, yeye aliyachukua mavyuma na mpini wake, akavirudisha msumarini.

Nilishona kwa uzi mweusi, mishono miwili miwili, na kila mshono nikausugua kwa mshumaa ili matundu ya sindano yazibe. Lilikuwa koti fupi, la kiunoni, mikono ikipita kiwiko kidogo. Na ili maji yasipate pa kuingilia, nilitia lastiki mikononi, lastiki kiunoni, na shingoni kamba ya kukaza. Nililimwagia ndoo nzima, ndani likabaki kavu kabisa. Wallahi nilijiona fundi! Jioni ile baba aliniomba alishike kidogo. Nikampa, nikadhani ana huzuni ya mwavuli wake.

Kesho yake alfajiri mume wangu alilivaa akatoka na jirani yetu, kwa sababu kaka aliitwa na kamati kubeba mawe ya ofisi mpya. Saa nne kaka akapita nyumbani kunywa maji, akaona mabaki ya lastiki sakafuni.

"Hii umeitia wapi?"

"Mikononi na kiunoni. Maji yasiingie."

Akaliweka chini kopo. "Ngalawa ikipinduka, yataingia shingoni. Yakishaingia, yatatokea wapi?"

Niliona beseni langu, na koti la Mfaransa limejaa ndani yake. Nami nilikuwa nimekwisha kulipima, nimekwisha kuchekwa! Kaka alikwisha toka mbio, mawe ya kamati ameyaacha, na mimi nyuma yake, kichwa wazi, miguu mitupu. Wingu lilikuwa limekwisha kushuka. Pale bandarini wapagazi walisimama chini ya bati, wakatuonyesha upande wa Ouani kulikoelekea ngalawa za asubuhi, lakini mbele hakukuwa na kitu ila weupe wa mvua.

Kaka aliingia baharini na ngalawa ya watu. Nilibaki mimi, na baada ya muda nikamsikia baba kando yangu, anahema. Nilimwambia, "Baba, nimemfunga. Nimemfunga mwenyewe kwa mikono yangu." Hakuniuliza nina maana gani. Alinishika mkono. Sijui tulisimama kiasi gani. Kila ngalawa iliyotokeza nilihesabu vichwa, na kila mara havikuwa vyao.

Ile ya kaka ilitokea mwisho. Kaka anapiga kafi, jirani amejikunyata mbele. Wawili. Kisha wimbi likaiinua ngalawa, nikaona mtu wa tatu amelala katikati, anakohoa. Jamani, sijapata kusikia sauti tamu kuliko kikohozi kile!

Nyumbani nilimvua, nikamfunika mablanketi. Alipopata pumzi alisema walipinduka. Maji yaliingia shingoni, koti likavimba, mikono ikawa mizito, akawa anazama na macho yake wazi. "Mara chini ya kwapa likaachia. Maji yakatoka yote, nikautoa mkono, nikaukamata mti wa ngalawa." Akanitazama kwa mapenzi. "Ulijuaje kuweka mahali pa kuachia?"

Nililigeuza koti. Kwapa la kulia lilikuwa wazi, na pembeni umening'inia uzi mweupe. Mimi nilishona kwa mweusi. Ndani ya pindo palikuwa na karatasi ndogo iliyorowa, Ayatul Kursiyyu, aya ya kinga, kwa mwandiko wa baba. Usiku wa jana yake alikuwa amefumua mshono wangu akaitia, kisha akafunga kwa macho yake mabovu, mishono mitatu ya ovyo ovyo.

Nilimtazama baba. Kaka naye alimtazama. Baba aliuona uzi mkononi mwangu.

"Binti yangu ni fundi," akamwambia mume wangu. "Anajua anachofanya."

Nilitoka nje nikalia. Siku ile ile nilikata lastiki zote, nikaacha makwapa wazi, mbele nikaweka vishikizo viwili vya kuvuta mara moja. Mume wangu alilivaa mpaka likapauka, na hadi alipofariki, kitandani kwake, alimsimulia kila mgeni jinsi mke wake alivyomwokoa. Kila akifika hapo, mimi nilikuwa naondoka kwenda kuleta chai.