Silinda Sita za Mwalimu Tadei

Saa moja asubuhi, baridi ya Sumbawanga ingali imekaa juu ya mabati. Fundi Adriano ameinama mbele ya boneti iliyo wazi kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea komunyo. Bapa la mwiko wa ugali limegusa injini. Mpini uko sikioni.

"Ya tano inakohoa," anatangaza. "Zilizobaki zinasali vizuri."

Kashinje, anayeleta mpunga kutoka Mtowisa kwa pikapu ya Kijapani, anasimama na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, mzee. Silinda ngapi zimeamka leo?"

"Marahaba. Tano. Zako zimeamka zote nne, ila hazina la kusema."

Gari lenyewe ni dogo, la kijani, la Kijerumani. Mwalimu Tadei alilinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Tangu mwalimu afariki, miaka minne iliyopita, lililala uani kwa mjane wake, Margareth, na kuku wakajitwalia kiti cha nyuma, hadi wiki iliyopita lilipovutwa gereji kwa Adriano.

Sasa Margareth anataka gari la kumfikisha kwenye shamba lake la ulezi. Ameshapata injini ya Kijapani ya silinda nne, na kesho fundi mwingine anakuja kuifunga. Adriano, rafiki wa marehemu, ameomba aijaribu ile ya zamani kwa mara ya mwisho.

Silinda sita kwa kawaida hutaka boneti ndefu. Wajerumani wakazibananisha, moja huku moja kule, chini ya kifuniko kimoja. Waliowahi kulala mzungu wa nne bwenini wataelewa mara moja.

"Sisi tuliona kifuniko kimoja, tukasema silinda nne," Adriano anakumbuka. "Tukaagiza plagi nne Mbeya. Tulipozifunga, tukabaki tunatazamana na matundu mawili. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini."

Enzi hizo injini hiyo ilikuwa saa ya mtaa. Mwalimu akirudi kutoka Namanyere, ilipoanza kupanda kilima, Margareth alibandika maji ya ugali. Gari likizimwa, maji yanachemka.

"Ilikuwa inaimba besi," anasema Adriano. "Mwalimu alizima redio ili aisikie. Na redio ilikuwa nzima!"

Mchana Margareth anafika gereji.

"Shemeji, mwiko wangu."

"Bado nasikilizia, shemeji."

"Wiki nzima nasonga ugali kwa kijiko, wewe unapima mashine! Sasa sikia. Jioni nitakuwa jikoni. Nikiisikia inapanda kilima kama zamani, inabaki. Nisipoisikia, kesho ing'olewe."

Adriano anarudi kwenye silinda ya tano, anafuata waya wa plagi kwa vidole, na kuwagundua wakosaji: panya wa uani kwa Margareth wameutafuna. Anafunga mwingine alioutoa kwenye injini mbovu ya gari jingine.

Jioni gari linashuka hadi chini ya kilima na kugeuza. Kashinje amekaa kando ya fundi, ameushika mwiko wima kama shemasi mwenye mshumaa. Adriano anakanyaga mafuta. Sauti inapanda, nene na laini, na mwanamke mmoja anayeanua nguo anageuka kutazama.

"Mzee," Kashinje ananong'ona, "hii inaongea."

Wanaingia uani. Margareth hatoki. Adriano anazima gari, anajifuta mikono mara mbili, kisha anakwenda jikoni akiwa na mwiko.

Margareth amempa mgongo. Juu ya mafiga, maji yanachemka.

"Hata sijui nimeyabandika saa ngapi," anasema, akijifuta macho kwa pembe ya khanga na kuulaumu moshi. "Lete mwiko."

Anaunusa. "Unanuka oili!"

"Oili mpya, shemeji."

"Mpigie yule wa kesho. Asije."

Adriano sasa ana mpango wa Krismasi: kumpeleka Margareth Kabwe, ziwani, kula samaki aina ya migebuka, safari ambayo mwalimu aliahidi na hakuwahi kuitimiza.

Margareth amekubali, ila binti yake, Lydia, hatakwenda nao.

"Atabaki nyumbani," anasema. "Akitusikia tunapanda kilima, abandike maji."