Wodi Iliyopumua Ishirini

Wodi ya wanaume ina vitanda kumi na vinne. Kwa mujibu wa karatasi zilizoning'inizwa miguuni pa vitanda hivyo, kwa wiki tatu mfululizo wote waliolazwa humo walivuta pumzi ishirini kwa dakika. Kijana aliyevunjika mguu, ishirini. Mzee aliyepasuliwa ngiri, ishirini. Aliyekuwa usingizini, ishirini vilevile.

Aliyeligundua jambo hilo ni mwanagenzi wa miaka arobaini na mmoja ambaye wodi nzima humwita Fundi, kwa sababu alishona nguo miaka kumi na tisa kabla ya kuvaa sare ya msaidizi wa muuguzi.

"Sijawahi kupata wateja wawili wenye kiuno kimoja," alimwambia mwenzake wa zamu. "Hawa kumi na wanne wamefananaje pumzi?"

"Fundi, andika ishirini tukanywe chai."

Hakuandika. Hilo halikuwa suala la uadilifu tu, alitaka kujua.

Udadisi huohuo ndio uliomtoa kwenye cherehani. Mama mkwe wake aliugua mwaka mzima, Fundi akawa anamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, anamwosha, anamkagua mgongo. Muuguzi aliyekuja akitarajia kufunga vidonda vya kulala alikuta ngozi ya mgonjwa haina hata mchubuko, akamuuliza Fundi alisomea wapi. Baada ya msiba, swali hilo halikumtoka kichwani. Akajiandikisha uanagenzi wa miezi kumi na minane: siku nne wodini, siku moja darasani.

Mwanagenzi hupewa kijitabu chenye stadi arobaini. Kila stadi husainiwa na msimamizi baada ya kumwona mtu akiifanya bila kosa. Kufikia wiki ya mwisho, Fundi alikuwa na saini thelathini na tisa. Iliyobaki ni kuhesabu pumzi. Vijitabu vingekusanywa Ijumaa, na mwenye nafasi tupu angerudia miezi sita.

Msimamizi wake, mkuu wa wodi, huitwa Sista na kila mtu, wakiwemo wanaomzidi umri. Hapandishi sauti wala hasaini kwa huruma. Jumatatu alisimama kando ya Fundi, mbele ya kijana wa mguu.

"Kaka, sasa nahesabu pumzi zako," Fundi alisema kwa heshima, kama alivyofundishwa: usimguse mgonjwa bila kumweleza.

Kijana akatulia, akaanza kupumua taratibu, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha.

"Ngapi?" Sista aliuliza walipofika korido.

"Kumi na mbili."

"Kabla hujafungua mdomo mimi nilipata kumi na tisa. Pale alikuwa anakupumulia wewe."

"Sasa nisimwambie, Sista? Darasani tunaambiwa tuwaeleze."

"Mwambie unampima. Ukianza kumtajia pumzi, umeziharibu."

Jumanne alijaribu kunyamaza, lakini akakodolea macho kifua cha mgonjwa hadi mgonjwa akauliza kama shati lake limechafuka. Hakusainiwa.

Nyumbani anaishi na mumewe, binti yao na dada wa mumewe, ambaye bado hajaelewa kwa nini mtu mwenye cherehani yake aende kubeba mabeseni ya wagonjwa. Jumatano jioni wifi huyo alikuja na kitambaa cha gauni.

"Nipime kabla hawajakufukuza, wifi. Au kiuno nacho siku hizi kinahitaji cheti?"

"Simama wima, uache maneno."

Futi ya kupimia ilipozunguka kiuno, wifi akavuta tumbo ndani. Wateja wote huvuta. Fundi akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Mikono unataka mirefu au mifupi?" Wifi akautazama mkono wake, akaanza kufikiria, na tumbo likarudi mahali pake. Fundi akasoma namba. Kisha akabaki ameshika futi, hasogei.

"Kwani ni kikubwa kiasi hicho?" wifi aliuliza.

"Hapana. Nimekumbuka kitu cha kazini."

"Kikumbuke ukiwa umeniachia kiuno."

Ijumaa asubuhi Sista alimpeleka kitanda namba sita. Hapo alilala mwalimu mstaafu, mtu wa kusahihisha Kiswahili cha wauguzi.

"Mwalimu, nachukua vipimo vya asubuhi."

"Unavichukua kuvipeleka wapi?" alijibu, akatoa mkono.

Fundi alishika kifundo cha mkono wake, akahesabu mapigo ya moyo. Alipomaliza hakumwachia. Mwalimu akautazama mkono ulioshikwa. Fundi, saa ikiwa mbele yake, akateremsha macho kwenye mstari mwekundu wa blanketi, uliokuwa ukipanda na kushuka. Dakika nzima ikapita. Ishirini na nane.

Juu ya nafasi aliyotakiwa kujaza palikuwa na ishirini, ishirini, ishirini. Ya mwisho iliandikwa alfajiri. Kama amekosea, miezi sita. Akahesabu tena, akapata ileile, akaandika.

Sista alisoma karatasi. "Unajisikiaje, Mwalimu?"

"Salama. Uchovu kidogo."

Sista akashika mkono uleule, dakika nzima. Kisha akatoka kumwita daktari, kwa mwendo ambao Fundi hakuwahi kumwona nao. Daktari alisikiliza mapafu, akakaa sana upande wa kulia, akaagiza picha ya kifua. Kufikia saa tano dawa ya homa ya mapafu ilikuwa imeanza.

Kijitabu kilirudi kwa Fundi baada ya chakula cha mchana, saini arobaini.

"Mimi nilipata ishirini na saba," Sista alisema. "Hiyo moja tutasameheana." Akageuka kwenda kuzungumza na mwenzake wa Fundi kuhusu karatasi za wiki tatu.

Fundi alipopita namba sita, Mwalimu alimwita.

"Asubuhi mlinishika mkono kwa zamu. Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Pumzi zako, Mwalimu."

Mzee akanyoosha mgongo, akavuta hewa ndefu, polepole, kifua mbele. Fundi akamwekea mto sawa na kumwacha apumue anavyotaka. Namba alikwisha kuiandika.